Njia za Kufika kwa Nyarufu

Yasmini binti Abdulrahmani hakuwa mtu wa kijicho. Hivyo ndivyo alivyojijua mwenyewe, na hivyo ndivyo walivyomjua majirani zake wa karibu na soko la Kasulu. Rafiki akishona gauni, yeye ndiye wa kwanza kumwambia limemkaa. Mwenzake akichumbiwa, yeye hupiga vigelegele mpaka sauti imkauke. Lakini magauni na wachumba si vitu alivyokuwa akivitamani, na mtu haoni wivu juu ya asichokitaka. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, nacho kikampita karibu kabisa, kikaenda kwa mwingine.

Baba yake, Mzee Abdulrahmani, alikuwa na duka la madaftari na kalamu, lenye mashine ya fotokopi na kompyuta moja ambayo Yasmini aliitumia kuwachapia kazi wanachuo wa ualimu. Ukoo wao ulitoka Pangani zamani za babu, na ingawa Mzee alizaliwa papa hapa milimani na Kiha alikisema kama wenyewe, Kiswahili kwake kilikuwa kama kanzu nyeupe, hakutaka kiingie doa. Mteja akikosea neno, alimpa bidhaa yake na sahihisho juu. Yasmini alilelewa na masahihisho hayo. Tangu aanze kuandika insha za darasa la tatu mpaka anatimiza miaka ishirini na sita, hakuwahi kumsikia baba yake akisema kwamba kitu alichokiandika ni kizuri. Alichomsikia akisema ni, "Hapa umekosea."

Siku moja, katika robota la vitabu vya mtumba, Yasmini alikuta kitabu cha Kiingereza cha aina ambayo hakuwahi kuiona. Hakikusomwa kwa kufuatana. Kilikatwa vipande vyenye namba, na mwisho wa kila kipande msomaji aliulizwa: utavuka mto, au utaingia pangoni? Ukivuka mto nenda namba hii, ukiingia pangoni nenda namba ile. Msomaji mwenyewe ndiye shujaa; akichagua vibaya anakufa, anarudi mwanzo. Yasmini alikisoma mpaka majani yakaanza kuachana, kisha akajiuliza kwa nini kisiwepo cha Kiswahili.

Akakiandika. Alikiita Mlima wa Njia Mia. Aliweka humo ukungu wa asubuhi unaofunika migomba, soko ambalo wauzaji wake hawana vivuli, mto unaotiririka kupanda juu. Njia zilipishana na kuungana kama vichochoro, na zote, kwa mwenye bahati na akili, zilipanda mpaka kileleni alikokaa adui wa mwisho. Hapo ndipo alipokwama. Aliweka zimwi la vichwa saba. Akalitoa, akaweka joka. Hakuna lililomtisha yeye mwenyewe, sembuse msomaji.

Akamwomba msaada rafiki yake Immakulata Ininahazwe, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu. Wawili hawa walijuana tangu kidato cha kwanza, walipolala kitanda cha juu na cha chini bwenini. Ukoo wa Immakulata ulivuka kutoka Burundi enzi za babu zake, ukapata uraia, na sasa ulikuwa na shamba la maharage na migomba huko Rungwe Mpya. Ulimi wake ulichanganya r na l. Wasichana walimcheka, na Yasmini ndiye aliyekaa naye pembeni akimfundisha kusema "kulala" badala ya "kurara". Alimpenda jinsi mtu anavyompenda yule aliyepata msaada wake. Upendo wa namna hiyo ni mtamu, lakini una kiti cha juu na kiti cha chini.

Immakulata alizichukua karatasi, akaenda nazo nyumbani Rungwe Mpya wakati wa likizo fupi, akarudi na kurasa chache zilizoandikwa kwa mkono. Aliziweka juu ya meza ya duka, akasema hajui kama zinafaa, asione haya kuzitupa. Kisha akawahi kipindi.

Yasmini alisoma amesimama.

"Unafika juu ya ngazi," zilisema karatasi zile. "Hakuna joka. Kuna uwanja uliofagiliwa vizuri, nyumba ya nyasi, na moshi wa kupikia. Mwenye nyumba ameketi mlangoni. Ni mwekundu kama udongo uliotoka kunyeshewa, na pembe zake zinagusa paa. Usoni hana mdomo. Midomo yake iko viganjani, na kiganja cha kulia kinakuita kwa jina ambalo ni mama yako peke yake hulitumia. Karibu, kinasema. Nimekuwekea chakula tangu siku uliyozaliwa. Kinapoa. Kiganja cha kushoto kinacheka.

"Unachomoa upanga, umekuwa jani la mgomba. Sina ugomvi na wewe, anasema Nyarufu, mungu wa mauti. Mlango wa kutokea ule pale, uko wazi. Nitajie jina moja tu la mtu unayemjua, kisha uende zako nyumbani."

Chini yake Immakulata alichora mstari mtupu, ili msomaji aandike jina kwa kalamu yake mwenyewe. Ukiandika, nenda namba 291. Usipoandika, nenda namba 300.

Yasmini akaenda 291. Alijikuta anarudi kijijini kwake salama, anakuta mikeka imetandikwa uwanjani kwa yule aliyemwandika, watu wamekaa matanga, na kila anayempa mkono wa pole anaviangalia vidole vyake vyenye wino. Akaenda 300. Huko Nyarufu alisimama kwa mara ya kwanza, akainamia msomaji, akaomba jina, akabembeleza, akatishia, akalia kwa viganja vyote viwili. Hakuna silaha iliyomuua. Alishindwa kwa njaa tu, kwa sababu majina ndiyo chakula chake na mtu mmoja amekataa kumlisha.

Vinyweleo vya mikono vilimsimama Yasmini. Furaha ndiyo iliyotangulia, maana kitabu chake kilikuwa kimepata mwisho. Nyuma ya furaha hiyo kikaja kitu kingine, kidogo, chenye ncha. Alijiambia ni uchovu.

Akakaa mezani na Immakulata wakapanga ngazi tatu za kumfikia Nyarufu, akazichapa zile kurasa, akaziunganisha na zake, akaweka rundo zima kwenye meza ya mbele. Hapo ndipo baba yake alipoliona. Mzee Abdulrahmani alikuwa akiyaita maandishi ya bintiye "makaratasi", lakini mchana ule mvua ilikuwa inanyesha na wateja hawapo. Akavaa miwani. Akaanza kwa mbwembwe, akifuata namba na kuguna. Alikufa mara mbili, mtoni na sokoni, akarudi mwanzo akilalamika. Yasmini alijifanya anasafisha mashine huku anamtazama kwa pembe ya jicho. Mzee akapanda mlima. Akafika kileleni. Chai yake ikapoa. Alisoma, akasema astaghafirullah kwa sauti ndogo, akarudia kusoma palepale. Alipoiona nafasi ya kuandika jina, mkono wake ulioshika kalamu ulirudi nyuma wenyewe, kama aliyegusa sufuria la moto.

Alivua miwani. Halafu akamwita bintiye.

"Huyu Nyarufu nimemwogopa," alisema. "Mtu aliyeandika hapa anajua kuandika."

Maneno hayo Yasmini aliyangoja maisha yake yote. Yalifika, akayatambua sura, na anwani haikuwa yake. Kusema uongo kulimjia mdomoni, kukafika kwenye meno. Lakini hakuwa mwongo. Akasema ni Immakulata.

Mzee alishangaa. Yule msichana wa Rungwe Mpya? Yule anayesema "mararia"? Akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyeokota lulu jalalani, akaagiza Immakulata aalikwe chakula Jumapili.

Jumapili hiyo mama yake Yasmini, Bi Zuhra, alipika wali na samaki wa migebuka kwa nazi kama ya wageni wa Idi. Immakulata alikuja baada ya misa na kikapu cha maparachichi, akasalimia shikamoo kwa magoti, akakaa mkekani. Mzee Abdulrahmani hakumsahihisha hata neno moja. Alimwuliza nani alimfundisha kusimulia, naye akasema ni bibi yake, aliyekuwa akisimulia wakati wa kupembua maharage, na akinyamaza tu wajue maharage yameisha. Mzee akacheka. Akamwambia asiache kuandika. Akamwambia Kiswahili chake kina mifupa, si nyama tupu kama cha watu wengine.

Hakumtazama bintiye aliposema "watu wengine". Pengine hakuwa akimfikiria hata kidogo. Yasmini alipokea lile neno kama mwiba wa samaki, likakaa kooni, na wali wote uliobaki hakuuhisi ladha.

Wivu ukishaingia haukai mahali pamoja. Ulianza kwenye Kiswahili, ukahamia kila mahali. Alimwona Immakulata anacheka, akaona anamcheka yeye. Wanachuo wawili watatu waliosoma zile kurasa walipokuja dukani kuulizia "ile ya Nyarufu", aliwajibu kwa tabasamu huku meno yanamuuma. Hakuna aliyeuliza habari ya soko lisilo na vivuli. Hakuna aliyesema lolote kuhusu mto unaopanda juu, ambao alikesha akiuwaza. Kitabu ni chake, mlima ni wake, ngazi kazijenga yeye jiwe kwa jiwe, na watu walikuwa wanazipanda mbio bila kutazama pembeni ili wakamwone mgeni aliyekaa kileleni.

Siku moja alikuwa anahakiki chapa ya mwisho kabla ya kuanza kutoa nakala, akafika tena kwenye ule mstari mtupu. Kalamu ilikuwa mkononi. Nitajie jina moja tu la mtu unayemjua. Jina likaja bila kuitwa, kamili, na jina la ukoo juu yake. Hakuliandika. Lakini alilisikia likija, na akaiona furaha lililokuja nayo.

Alisema moyoni kwamba kosa ni la Nyarufu, na ya kuwa kitu kama kile si cha kuwapa watoto wa watu. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baba yake alipokwenda msikitini, aliegesha mlango nusu, akakaa mbele ya kompyuta. Ngazi tatu zilipanda kwenda kwa Nyarufu, na kila moja iliishia na maneno "nenda namba 290", ndipo uwanjani kwake. Alizibadilisha zote tatu. Sasa zilimpeleka msomaji namba 288, ambako Yasmini aliandika mistari michache mipya: shujaa anaukuta mlango wa kileleni umefungwa, anateka maji ya uzima kwenye chemchemi iliyo karibu, anarudi kwao kwa shangwe. Ulikuwa mwisho mzuri, wa kawaida, na ulikuwa wake.

Nyarufu mwenyewe hakumgusa. Alimwacha palepale katika kurasa za nyuma, kila neno mahali pake, pembe zake, viganja vyake. Hilo ndilo alilolipanga kwa ustadi kuliko mengine. Katika kitabu kama kile, kipande kisicho na njia ya kukiendea ni sawa na mtu aliyezikwa akiwa hai.

Nakala zilitoka, zikatobolewa, zikatiwa waya wa plastiki mgongoni. Immakulata alipopewa yake alifungua moja kwa moja kurasa za mwisho, akamkuta mtu wake amekaa mlangoni kwake, akacheka kwa furaha, akaifunga. Alikuwa na mitihani. Alisema atakisoma chote akimaliza. Yasmini akamkumbatia.

Baada ya hapo wateja walianza kurudi. Dada, Nyarufu tunampataje? Tumepanda mara ngapi, tunaishia kwenye chemchemi. Yasmini aliwajibu wamechagua vibaya, wakarudie. Wakaenda kurudia. Akawatazama wakitoka na kitabu kwapani, akahisi utamu ambao hakuwahi kuuonja, mzito kama asali ya msituni, na kama asali hiyo ukizidisha, ukamtia kichefuchefu.

Ndipo ilipofika simu kutoka Kibondo. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aitwaye Evaristi alikinunua kitabu alipopita Kasulu, akaenda kukisoma na klabu ya wanafunzi wake wa sekondari. Watoto wamerukwa na akili, alisema. Anawaomba waandishi wote wawili waje siku moja wakutane nao. Yasmini alitafuta udhuru, lakini Mwalimu Evaristi, aliyepewa namba zote mbili na Mzee Abdulrahmani dukani, alikuwa ameshampigia Immakulata pia, na Immakulata alikuwa amemaliza mitihani na ameshakubali.

Walipanda basi asubuhi, kungali na baridi. Immakulata alivaa kitenge kipya. Walipopita Makere alinunua mahindi ya kuchoma dirishani, akamgawia mwenzake nusu, akasema hakulala vizuri, alikuwa anafikiri watoto watamuuliza nini. Alikiri kwamba kitabu chenyewe hajapata nafasi ya kukisoma. Bado anakijua kilivyokuwa walipokipanga pamoja, na hicho kinatosha. Yasmini alitafuna mahindi. Kila kijiji walichokipita alitamani basi liharibike.

Darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Wanafunzi walisimama wakaamkia, Mwalimu Evaristi akawakaribisha kwa maneno mazuri, kisha akawaonyesha ukuta wa nyuma. Wanafunzi walikuwa wamegundisha karatasi za manila pamoja zikawa kama shuka, na juu yake wamechora ramani ya kitabu kizima. Kila kipande kilikuwa na duara na namba yake, na kila njia mstari wa wino: mito, pango, soko, njia zinazoua na njia zinazookoa, mpaka kileleni. Ilikuwa kazi ya majuma. Yasmini aliuona mlima wake mzima umetandazwa mbele yake kama hajawahi kuuona, na kwa kitambo kidogo akasahau kilichomleta.

Halafu akaona mahali walipomchora Nyarufu. Walimchora mkubwa, mwekundu, viganja wazi. Pembeni yake zilikuwa namba 291 na 300. Na kuwazunguka wote hao palikuwa peupe. Hakuna mstari hata mmoja ulioingia.

Msichana wa kidato cha pili, Pelagia jina lake, ndiye aliyechaguliwa kueleza. Alisema walitafuta njia ya kwenda kwake mpaka wakagombana. Walifikiri wamekosea kuhesabu. Wakagawana, kila mtu akafuata kona yake, wote wakaikosa. Walimjua kwa sababu tu mmoja wao alikuwa akifunua kurasa ovyo, akamwangukia.

"Ndipo tukaelewa," alisema Pelagia. "Mauti hayafuatwi kwa njia. Umekaa zako, unafunua tu ukurasa, uko mlangoni kwake. Tuliogopa, madamu. Wengine hawataki kukigusa kitabu wakiwa peke yao." Akawatazama wote wawili. "Tulitaka kuwauliza, hilo mliliwazaje?"

Immakulata alikuwa ameshasogea ukutani. Aliifuata ngazi ya kwanza kwa kidole mpaka ilipoishia, akafuata ya pili, akafuata ya tatu. Zilipopangwa ngazi hizo yeye alikuwepo, amekaa upande wa pili wa meza. Kidole chake kikasimama kwenye namba 288, kipande asichokijua, kikakaa hapo. Yasmini alikuwa akiutazama mgongo wake tu, na mgongo ulitosha.

Alipogeuka uso wake ulikuwa mtulivu.

"Njia zote ni kazi ya Yasmini," aliwaambia wanafunzi. "Mimi niliandika nyumba na mwenye nyumba. Muulizeni yeye."

Macho yote yakahamia kwa Yasmini. Akasimama. Aliweza kusema lolote. Alikuwa na maneno mengi kuliko wote mle ndani. Likatoka moja la kweli.

"Sikutaka mtu yeyote afike kwake," alisema.

Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu Evaristi alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo zito, akaligeukia darasa akawaambia waandike sentensi hiyo. Na hapo ndipo Yasmini alipoupima ugonjwa wake, maana makofi yale, pamoja na yote, yalimwingia vizuri.

Walipotoka nje, Mwalimu akaenda kuhimiza chai. Wakabaki wawili karibu na tangi la maji la shule. Ng'ambo ya uwanja wanafunzi walikuwa wanabishana bado, njia hii na njia ile.

"Ulizikata lini?" Immakulata aliuliza.

"Ijumaa, kabla hatujatoa nakala."

"Kwa sababu ya baba yako."

Halikuwa swali. Yasmini akaitikia kwa kichwa. Alianza kusema samahani, mwenzake akamzuia kwa mkono, bila hasira, kama anayemzuia mtu asikanyage mahali penye maji.

Akamwambia jambo ambalo Yasmini hakulitegemea. Alisema toka kidato cha kwanza alikuwa akimwonea wivu. Kiswahili kile kisichojikwaa. Duka lenye vitabu mpaka darini. Baba anayekataa kula mpaka binti amefunga duka amerudi. Alimshukuru kila alipomsahihisha, na kila alipomshukuru alimchukia kidogo, kisha akaenda kutubu, kisha akamchukia tena. Alipokwenda Rungwe Mpya na zile karatasi, alikaa shambani akiwaza ni kitu gani kinachotisha kweli, na hakwenda mbali kukitafuta.

"Lile swali la Nyarufu aliulizwa mtu," alisema Immakulata. "Niliulizwa mimi kwanza. Jina lililonijia unalijua. Lakini mimi niliuacha mstari mtupu, Yasmini."

Yasmini machozi yalimtoka, akaona aibu kwamba hata machozi hayo yalikuwa ya kujihurumia yeye.

Walikunywa chai ya Mwalimu Evaristi wakiwa na nyuso za wageni wenye adabu. Kwenye basi la kurudi, Immakulata alikwenda akakaa kiti cha mbele karibu na dereva. Kasulu walipofika alipanda bodaboda bila kugeuka.

Miezi ikapita. Mzee Abdulrahmani aliuliza mara mbili kwa nini rafiki yake haji tena, na mara ya pili Yasmini akamwambia yote, tangu neno alilolisema mvua ikinyesha mpaka ukuta wa Kibondo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkemea. Alisema tu hakujua kama alikuwa akilingoja neno kutoka kwake, akaonekana mzee ghafla, akaenda kutawadha. Kesho yake alikichukua kitabu, akakisoma chote tena, polepole, akamwambia soko la wasio na vivuli ni zuri. Yasmini alishukuru. Neno lilikuwa limechelewa, na limeombwa, lakini alilichukua.

Nakala zilipokwisha alimwandikia Immakulata ujumbe kwamba katika chapa mpya atazirudisha ngazi tatu kama zilivyokuwa. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, fupi. Asiziguse. Wale watoto wamemwelewa Nyarufu kuliko yeye aliyemwandika, na hapo alipo ndipo mahali pake. Ila ukurasa wa kwanza uandikwe nani kaandika nini. Yasmini akafanya hivyo, kila jina kwa herufi zilizo sawa na za mwenzake.

Immakulata alipata kazi ya kujitolea kufundisha kwenye shule ileile ya Kibondo. Habari zake zilifika dukani kwa vinywa vya watu: anaandika, anasomea wanafunzi Alhamisi, wanamsikiliza mpaka wanasahau chakula. Kila habari ilimchoma Yasmini mahali palepale. Alidhani akishajua jina la ugonjwa atapona. Akaona kwamba haikuwa hivyo, ila alikuwa ameanza kuusikia unapobisha hodi, kabla haujakaa.

Mwisho wa kiangazi alikwenda Kibondo bila kualikwa. Mfukoni alikuwa na kurasa za kitabu kingine, na adui wa mwisho aliyemwandika mwenyewe bila msaada wa mtu. Alimkuta Immakulata anasahihisha madaftari barazani. Wakasalimiana. Yasmini akampa zile kurasa, akasema hataki chochote, anaomba tu azisome.

Immakulata alizisoma zote, hapo hapo, bila haraka. Upepo ulikuwa unazipeperusha pembe, akazishika kwa kiganja.

"Hajanitisha," alisema mwishowe.

"Najua."

"Anasema sana. Mtu wa namna hii angenyamaza." Akamrudishia. "Basi lako la saa ngapi?"

"La saa tisa."

Immakulata akatazama jua, akasogeza madaftari upande mmoja wa benchi, akaingia ndani kutafuta kikombe cha pili. Yasmini akakaa. Alizikunjua kurasa zake magotini, akatoa kalamu, na akiwa bado anasikia vyombo vinagongana ndani, akaanza kukata maneno.